Kwa Getrude, Kuhusu Matusi ya Ng'washi

Kakese,
Mpanda, Katavi.
Jumapili, 18 Mei 2025.

Mpendwa mwanangu Getrude,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na Alex mzima, na huyo mdogo wenu ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Kikohozi chake kimeisha? Usimfunike sana. Huko Mtwara kuna joto, na wewe tangu zamani ukisikia mtoto kakohoa unamvika kama mlinzi wa ghala.

Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo, ila sikio la kushoto sasa limekufa kabisa, kwa hiyo nikitaka kusema yangu kwa amani nakaa upande huo. Goti langu linanisumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Mpunga tumevuna sehemu kubwa. Ndege mwaka huu walikuja kama wamealikwa, lakini tumepata wa kula na mwingine kidogo wa kuuza. Yule mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja kafa.

Mwandiko wangu utauvumilia. Darasa sikukanyaga, unajua. Alinifundisha katekista ili nisome nyimbo, mambo ya barua hakunifundisha. Ningeweza kupiga simu ila sikutaka, maana kwenye simu nikisema neno moja unalia, na nikingoja umalize kulia vocha imekwisha. Barua huwezi kuikatiza. Utalia, lakini utaisoma mpaka chini.

Anayekuletea ni Gideon wa mzee Sylvanus, anakuja huko chuoni. Mpe chakula. Safari yote hiyo, na kwao hawakumfungia hata karanga.

Sasa nisikilize.

Wifi yako Mary amekupigia simu kutoka Kashaulili akakwambia kwamba mimi, mama yako mzazi, nimemleta mwanamke wa Kisukuma uwanjani amtukane mtoto wako mbele za watu. Mary kasema kweli. Nimemleta. Anamtukana vizuri sana.

Ukatuma ujumbe kwa simu ya jirani, kila mtu akausoma kabla yangu, kwamba Lucia aache netiboli mara moja, na shule zikifungwa apande basi aje Mtwara, ahamie shule ya huko. Sikukujibu. Nilitaka kwanza uone jambo lote lilivyokwenda, kisha uamue. Wewe ndiye mama yake. Lakini usiamue kwa maneno ya Mary, maana Mary siku hiyo alikuja hapa nyumbani na vitenge vyake, uwanjani hakufika.

Naanzia mwaka jana.

Lucia ni mfungaji. Sijui kama uliwahi kumwona akicheza, nafikiri hapana, ulipoondoka alikuwa bado anacheza rede na wenzake hapa uani. Sasa amekuwa mrefu, amechukua urefu wa Wafipa wa kwa baba yake, na ana mkono uliotulia. Mkono huo ameupata kwenye mpunga wetu, akilinda ndege kwa kombeo tangu akiwa mdogo. Mwalimu wake wa michezo, Mwalimu Generosa, alimwona siku moja anarusha mpira kwenye pete peke yake, akampa kizibao cha mfungaji hapo hapo. Kwenye mazoezi hakosi. Mwalimu akimwambia simama hapa anafunga, simama kule anafunga.

Ikaja mechi ya mjini, uwanja wa Kashaulili, watu wengi, kelele. Mpira wa kwanza akakosa. Wa pili akakosa. Kulikuwa na mwanamke mmoja anauza maandazi pale kwenye kamba, mdomo wake mkubwa kuliko ndoo yake. Akapiga kelele: "We mtoto, mpira umekushinda! Mpelekee mama yako akufungie!" Na mwingine aliyekuwa anatufahamu akamjibu: "Mama yake mwenyewe alishamkimbia!" Watu wakacheka.

Lucia alikuwa ameshika mpira. Akauweka chini, polepole, kama mtu anayetua mtungi. Akavua kizibao, akakiweka juu ya mpira, akatoka uwanjani. Mechi ikiwa inaendelea. Wenzake wakabaki wamesimama, filimbi inalia, hakugeuka. Walifungwa vibaya.

Hayo hukuambiwa. Uliambiwa alikosa magoli akalia. Mimi ndiye niliyesema usiambiwe yale ya mama, na sasa nakuambia kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa yanayofuata.

Baada ya hapo nyumba nzima ikawa ya kumbembeleza. Baba yako anambembeleza kwa sauti ambayo jirani anaisikia. Padri alimbembeleza. Wewe ukawa unapiga simu kila kabla ya mechi, unamwambia, "Mwanangu, hata ukikosa si kitu, mpira si lazima." Nilikuwa nakusikia, nimekaa pale pale. Getrude, unamwambia mtoto hata ukikosa, naye hajarusha! Unamtilia kukosa mkononi kabla hajaushika mpira. Najua ulikuwa unampenda. Hata hivyo akawa anakosa. Kila mechi mkono ulimtetemeka, na kila mazoezi alifunga kama kawaida.

Mwalimu Generosa alikuja hapa nyumbani. Ni mwalimu mzuri, binti wa watu wa Kibondo, hana maringo, alikaa kwenye gunia la mpunga akala viazi na sisi. Akaniambia, "Bibi, mkono wa Lucia hauna shida. Shida iko masikioni."

Nikamuuliza masikio yanatibiwaje. Akasema yeye anamfundisha kupumua: avute pumzi, atazame ukingo wa nyuma wa pete, asitazame mikono ya yule anayemkinga, kisha aachie. Mambo hayo siyajui, na nakiri yamemsaidia. Lakini akasema pia, kelele za watu hana namna ya kuzileta mazoezini. Mazoezini hapa kwetu kuna mbuzi na watoto watatu wanaotazama, nao wanampigia makofi.

Hapo nikamkumbuka Ng'washi.

Ng'washi humjui, walihamia baada ya wewe kuondoka. Walikuja na ng'ombe wao kutoka Usukumani, yeye na mwanawe Masalu na mkwe wake Kabula, wakapata shamba kule bondeni. Mama Masalu ni mtu mzima kama mimi, mnene, sauti yake ukiisikia unaweza kudhani kuna mkutano. Na ni mtani wetu. Mimi Mpimbwe, Alex Mfipa, kwa hiyo Lucia ni wake pande zote mbili.

Kwenye mazishi ya shemeji yangu Sixte hukuwahi kufika, kwa hiyo sikukusimulia. Tulikuwa tumelia mpaka macho yameziba. Ng'washi akatokea kavaa koti la marehemu, kavaa na kofia yake, anachechemea kama Sixte alivyokuwa anachechemea, anauliza, "Nyie, kafa nani hapa? Mbona mnanililia na mimi nipo nadai pombe yangu?" Kisha akashuka kaburini, akakaa, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Wageni waliotoka mbali walitaka kumpiga. Sisi tulicheka mpaka mjane akacheka. Tukampa kuku, akatoka, tukamzika ndugu yetu tukiwa na nguvu ya kusimama.

Basi nikamfuata kwake, nikamwambia, "Mtani, nina mjukuu anaogopa maneno. Njoo umpe maneno."

Akaniuliza, "Mengi?"

Nikamwambia, "Mpaka yamwishie woga."

Akacheka, akaacha kuchambua mboga, akataka twende pale pale.

Mwalimu Generosa hakukubali haraka. Alitupa masharti: Ng'washi akae nyuma ya kamba, asiguse umbo la mtoto, asiguse shule, na filimbi ikilia anyamaze. Na jambo la mama yake lisitajwe kabisa. Ng'washi alikubali yote. Hilo la mwisho alisema hata bila kuambiwa asingeligusa, maana utani una mipaka yake, anayeivuka si mtani tena, huyo ni adui.

Siku ya kwanza Lucia alisimama chini ya pete, Ng'washi nyuma ya mlingoti, mikono kiunoni. Lucia hajainua mpira, huyu akaanza:

"Nyie Wafipa! Babu zenu walikuwa wanatuma radi kutoka Sumbawanga inafika Tabora, inachagua nyumba, inachagua mpaka kitanda! Wewe unashindwa kutuma mpira hapo? Radi imeishia kwa nani?"

Watoto wakaanguka chini kwa kucheka. Lucia akakosa. Akakosa tena. Ng'washi akamuuliza kama aletewe ngazi. Basi mtoto wako akashika mpira akampiga nao Ng'washi kifuani, akalia, akamwambia maneno ambayo sitayaandika.

Ng'washi hakukasirika hata kidogo. Aliokota mpira, akampa mwalimu, akasema, "Mtani kakasirika. Nadai faini yangu."

Unajua sheria. Anayemkasirikia mtani anatoa kuku. Ng'washi akaja moja kwa moja hapa uani kwetu, akatazama kuku wote, akachagua yule wa madoadoa, kuku wa Lucia mwenyewe aliyemlea toka kifaranga, akamweka kwapani, akaondoka. Lucia akawa anamfuata, ananililia mimi: "Bibi, mzuie! Bibi, kuku wangu!"

Nikamwambia, "Mke mwenzangu, hilo siliwezi. Mtani kadai haki yake."

Jioni hiyo hakula. Hapo ndipo Mary alipopata habari yake ya kukupigia simu, maana alikuwa amekuja kunikopesha kitenge.

Nilifikiri Lucia hatarudi mazoezini. Kesho yake alikwenda. Hakwenda kwa ajili ya netiboli, alikwenda kumwuliza Ng'washi kama kuku amekula. Ng'washi akamwambia kuku anakula vizuri, anakaa na ng'ombe, ameanza kusema Kisukuma. Lucia akajizuia asicheke. Nilimwona, nilikuwa nimekaa kando na goti langu. Ng'washi akamwambia atamrudishia siku atakayoweza kufunga huku anatukanwa na huku anajibu.

Ikawa hivyo. Mama Masalu akawa anakuja kila akipata nafasi, akishindwa anamtuma Kabula, ingawa Kabula ana aibu, matusi yake ni ya kuomba samahani. Mwanzo Lucia alikuwa anakosa na kununa. Kisha akawa anakosa lakini hanuni. Kisha siku moja Ng'washi akamwambia, "We binti, ungekuwa ndama ningekuuza mapema, unamaliza majani halafu huna kazi," Lucia akavuta pumzi, akatazama ukingo wa nyuma, akaachia, mpira ukapita katikati bila kugusa chuma. Ndipo akageuka. Akamwambia, "Bibi Ng'washi, ng'ombe wako wote unawajua majina, wajukuu zako unawachanganya. Nenda kawaite tuone."

Ng'washi alikaa chini. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Mwalimu Generosa alisahau kupiga filimbi.

Kuku alirudi jioni ile, na vifaranga nyuma yake, maana huko alikokuwa alipata jogoo. Ng'washi akadai kifaranga kimoja kwa gharama za malezi. Lucia akamnyima. Wanagombana mpaka leo.

Basi mimi nikajua kazi imekwisha. Kumbe hatukumaliza, na nitakuambia tulipokosea.

Ikaja mechi kubwa wiki iliyopita, pale pale Kashaulili, na wasichana wa Litapunga. Ni wazuri wale, wana mlinzi mmoja mrefu, akiinua mikono jua halionekani. Watu wa mkoa walikuwepo, wanachagua wasichana wa kwenda kambini kwa ajili ya timu ya mkoa. Ng'washi alikuja, kavaa kitenge kipya, kakaa nyuma ya goli. Mpira ulipomfikia Lucia, Ng'washi akaanza yale yale ya radi kwa sauti yake yote. Lucia akafunga. Akaanza ya ndama. Lucia akafunga.

Watu wa Litapunga waliposikia bibi anamtukana mfungaji wetu wakadhani ni wa kwao. Wakampa kiti. Wakamletea soda. Akawaambia "wabeja", ndiyo asante ya Kisukuma, akanywa, akaendelea. Kila wakimshangilia, Lucia anafunga, hawaelewi kinachotokea.

Sasa mwamuzi alikuwa mgeni, kijana kutoka pwani, na kwao sijui kama wana mambo haya. Akasikia mwanamke mtu mzima anamtukana mtoto wa shule. Akasimamisha mchezo, akaja mpaka kwenye kamba, akasema, "Mama, tafadhali, toka uwanjani." Ng'washi akamwambia huyu ni mtani wangu. Mwamuzi akasema mtani ndiyo nini. Litapunga wakamtetea, sisi tukamtetea, pande zote za uwanja zinamtetea mtu mmoja, mwamuzi akazidi kuona kuna fujo. Ng'washi akatolewa nje ya geti na soda yake mkononi.

Simlaumu yule kijana. Alichofanya kwake ni heshima.

Mchezo ukaanza tena, na nyuma ya goli kukawa kimya. Mwamuzi alikuwa amewaonya watu wote, kila mtu kafunga mdomo. Lucia akapewa mpira. Akatazama pale kilipokuwa kiti. Akakosa. Akapewa tena, akakosa. Nikaona mkono unatetemeka kama mwaka jana.

Hapo nikaona kosa letu, tena kosa la watu kama sisi, waliozoea kwamba mtani yupo tu. Tulimzoeza sauti ya Ng'washi. Kimya hatukumzoeza. Tulimtoa kwenye kubembelezwa tukamfunga kwa mtani, na mtani naye anaweza kutolewa nje.

Mwalimu Generosa aliwakusanya robo ilipokwisha, akawapa maji. Lucia sikumsogelea. Ningemsogelea ningembembeleza, najijua. Nikabaki kwenye kiti changu nimeshika goti.

Robo ya tatu mpira ukamfikia chini ya pete, yule mlinzi mrefu kasimama mbele yake, mikono juu. Na Lucia akaanza kusema. Alisema kwa sauti ya Ng'washi kabisa, lafudhi ile ile, anajitukana mwenyewe: "We mtoto wa radi, pete ile pale, au unataka uletewe ngazi?" Yule mlinzi akacheka. Mikono ikashuka kidogo tu. Mpira ukapita.

Tangu hapo hakunyamaza. Kila akipokea anajitukana taratibu, midomo inacheza, wakati mwingine sauti inatoka, wakati mwingine haitoki. Mwamuzi akamtazama, lakini hakuna sheria ya kumtoa mtu uwanjani kwa kujitukana mwenyewe.

Nimefika kwenye jambo lenyewe sasa. Kama ulikuwa umesimama, kaa.

Yule mwanamke wa maandazi alikuwepo. Alikaa kimya muda wote kwa kumwogopa mwamuzi. Robo ya mwisho tulikuwa tumebanana nao, Lucia kafunga, wachezaji wanarudi katikati kuanza upya, na pale katikati ya kimya yule mwanamke akapaza sauti: "Na mama yako yuko wapi leo?"

Huyo si mtani wetu. Si Msukuma wala si nani. Ni mdomo tu.

Mimi nilisimama, goti likalia. Mwalimu akasimama. Wenzake wote walisimama wakamtazama Lucia, maana wote wanakumbuka mpira uliowekwa chini.

Lucia aligeuka akamtazama yule mwanamke. Hakukunja uso. Akasema, kwa sauti ambayo uwanja wote uliisikia:

"Yuko Mtwara, anabangua korosho. Anakusalimu."

Watu walicheka, Getrude. Safari hii hawakumcheka yeye. Hata Litapunga walicheka. Yule mwanamke alifunika ndoo yake. Nje ya geti nilisikia kigelegele, na najua ni cha nani.

Tulishindwa kwa goli moja. Nakuambia ukweli, usije ukadhani nimekupambia. Wale wa Litapunga walikuwa bora zaidi siku ile. Filimbi ya mwisho ilipolia mpira ulikuwa mikononi mwa Lucia. Alitembea nao mpaka kwa mwamuzi, akampa mkononi, akamshukuru, akarudi kwa wenzake na kizibao chake mwilini.

Wale wa mkoa wamemchagua. Yeye na yule mlinzi mrefu wa Litapunga. Kambi inaanza shule zikifungwa, na Mwalimu Generosa anasubiri neno la mzazi. Neno langu halitoshi, mimi ni bibi. Anataka lako.

Ujumbe wako unasema aje Mtwara, ambako hatalizwa na watu. Sasa jiulize, huko Mtwara hakuna mwanamke wa maandazi? Huyo yuko kila mahali. Akija huko utamficha ndani kwako, na siku akitoka nje atakutana naye.

Nakujua, mwanangu, nimekuzaa. Wewe unadhani mtoto alilia mwaka jana kwa sababu ulimwacha. Ndiyo, alilia kwa hilo. Sitakudanganya. Alikukosa, na bado anakukosa, akifua shuka zako za zamani hazianiki uani, anazianika chumbani, watu wasizione. Lakini hukumkimbia. Ulikwenda kutafuta, ada yake inatoka kwenye vidole vyako vilivyoungua mafuta ya korosho, naye anajua. Mwaka jana alikuwa hajui namna ya kulisema. Mwaka huu amelisema mbele ya uwanja mzima. Wewe je, unaweza kulisema? Maana naona katika nyumba hii aliyebaki anatetemeka mkono ni wewe.

Usije ukamwambia pole kabla hajaanguka. Kumtania huwezi, mama hamtanii mwanawe, hiyo kazi ni yangu na ya Ng'washi. Kazi yako ni nyingine. Siku ya mechi akipiga simu, muulize amekula nini, amevaa raba zipi, mlinzi wa siku hiyo ni mrefu kiasi gani. Halafu ukate. Kulia ulie baadaye, na Alex akushike.

Mpigie Mwalimu Generosa mwenyewe, namba anayo Gideon. Usipitie kwa Mary. Sema ndiyo. Ukisema hapana nitamtuma aje kama ulivyotaka, sitakuvunjia amri yako, lakini Ng'washi amenena atapanda basi hilo hilo pamoja naye, na huko kwenu sijui nani atakayemtoa getini.

Nisalimie Alex, mwambie mama yake mdogo Lukresia ameolewa tena, na safari hii mume ana meno. Msalimie huyo mdogo, mwambie bibi yake anamdai mahari. Baba yako anakusalimu, anasema upaze sauti kwenye simu. Kabula anakusalimu ingawa hakujui. Ng'washi hatumi salamu, anauliza tu kama na wewe una radi au imeishia kwa Alex.

Mungu akulindie mikono hiyo, na akuletee siku ya kuja kukaa nyuma ya goli utazame mwenyewe.

Mimi niliyekuzaa na ninayekupenda bila kukubembeleza,

Mama yako,
Leokadia.

Nimesahau. Lucia hajui kama nimekuandikia alichomjibu yule mwanamke. Ananiuliza kila siku kama umepiga, anataka akusimulie yeye. Akianza kusimulia, nyamaza. Mwache afike mpaka kwenye korosho.